Saini ya Shadya

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, saa tisa na dakika ishirini mchana, ghorofa ya pili juu ya duka la vitenge la Hashimu, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Ansbert aliishika ile dakika kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye saa ya kompyuta. Alikuwa anahesabu. Zilibaki dakika kumi Mwalimu Shadya apande ngazi na chupa yake ya chai ya tangawizi, na yeye, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, alikuwa ameshachomekea shati mara mbili.

"Fundi!" Hillary aliruka kutoka kwenye robota la vitenge alilolikalia. "Fundi, umetuua! Umetuua kabisa, kaka!"

"Nimefanya nini tena?"

"Kifurushi chako cha programu kimetoka! Kiko hewani, dunia nzima inakiona. Halafu nimefungua ukurasa wake, nikasema ngoja nisome..." Hakumaliza. Kicheko kilimkaba, akajishika mbavu.

Angelina aliinua uso upande wa pili wa meza. Siku za kazi alikaa dirishani kwenye duka la dawa huko Gerezani, na Jumamosi alikuja hapa na uso uleule wa kumuuliza mtu cheti chake kiko wapi. "Hillary, sema au nyamaza."

Basi Hillary akasoma, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira:

"'Toleo la pili. Nimepanga upya orodha ya vitegemezi, zile programu ambazo hii inazihitaji. Mwalimu amesema, safi sana kaka Ansbert. Sijaambiwa safi na mtu tangu Severa aondoke.' Ngoja, hiyo bado! 'Toleo la tatu. Kifurushi kimejengeka bila kosa hata moja. Mwalimu Shadya alicheka, nikasahau nilichokuwa naandika. Mungu anisamehe, nampenda huyu mama.'"

Feni peke yake ndiyo iliyoendelea na kazi.

"Hayo hayakutakiwa kutoka," alisema Ansbert. Sauti ilitoka kavu kama ya mtu aliyefunga siku mbili. "Hayo ni yangu. Mimi nilituma toleo la nne tu."

"Fundi, kumbukumbu ya mabadiliko inakwenda nzima! La kwanza mpaka la mwisho, yote yanasafiri pamoja."

Hapo ndipo alipoelewa. Siku ya kwanza kabisa Mwalimu aliwaambia: kila ukigusa kifurushi, andika ulichobadilisha, na uandike kwa ukweli, ili atakayekuja baada yako asihangaike. Ansbert, aliyeishia darasa la saba pale Ilala, alilipokea neno hilo kama amri ya altareni. Akaandika ukweli, wote, bila kubakiza. Ila kichwani mwake kumbukumbu ile ilikuwa kama kitabu cha risiti cha dukani: unachana karatasi ya juu unampa mteja, zilizotangulia zinabaki zimelala kwenye droo yako. Na ile programu ya ukaguzi, inayopiga kelele ukizidisha nukta, haikumwambia kitu. Inakagua mpangilio. Moyo wa mtu haiujui.

"Basi kifute," alisema.

"Hakifutwi. Watu wameshaanza kukichukua."

"Hillary." Angelina alikuwa ameacha kazi yake. "Hiyo picha uliyopiga ya ukurasa, umeituma wapi?"

"Kwenye kundi letu tu, la WhatsApp. La wafungashaji. Nimeweka na vikatuni vya kucheka."

"Kundi ambalo kaka Hashimu, ndugu yake Mwalimu, yumo, ili awe anajua tunakuja saa ngapi atufungulie?"

Kicheko cha Hillary kilikatika kama umeme. Akaidaka simu yake, akaanza kubonyeza kwa vidole viwili, vitatu, kumi. "Nafuta, nafuta, nafuta..."

"Tiki zina rangi gani?"

Hillary aliigeuza simu ili wote waone. Zilikuwa za bluu.

Chini yao, dukani, walisikia kiti kikisogezwa.

Mtu mwingine angeteremka kwa ngazi za nyuma akaishilie Ilala. Ansbert hakuondoka, na sababu ya kutoondoka ilikuwa na miaka minne.

Miaka minne nyuma, mkewe Severa alilazwa hospitalini akisubiri kipimo. Mashine ya kipimo ilikuwa imekufa. Wakubwa wa pale wakasema mtaalamu anatoka nje ya nchi, vuteni subira. Ansbert kazi yake ni kutengeneza cherehani, ana kibanda cha bati Gerezani, na tangu ujana hajawahi kukutana na mashine ikamshinda. Alichungulia mlangoni, akaisikia inavyokwaruza ikiwashwa, akaenda kwa mkubwa mmoja, akapiga magoti kabisa: niruhusuni niifungue tu, niitazame. Mkubwa akamwonyesha stika nyekundu ubavuni mwa mashine. Hairuhusiwi kufunguliwa. Wiki ya tatu mtaalamu akafika, akatoa mkanda uliolika, akaweka mpya, akanywa soda. Severa alikuwa ameshazikwa Rombo siku mbili kabla.

Tangu hapo Ansbert aliwachukia wote wenye funguo. Wenye ofisi, wenye mihuri, wenye stika. Misa alikuwa anaenda, lakini hata padri akisema tuwaombee viongozi wetu yeye alikuwa anafunga mdomo. Nyumbani alikuwa anakula amesimama.

Mwaka jana mwezi wa nane, Hashimu akamwita kwenye jengo hili. Mashine ya kudarizi ilikuwa imegoma. Ansbert akaifungua, akaikuta mzima. Kilichogoma ni ile kompyuta inayoiongoza. Iliandika kwamba leseni ya programu imekwisha muda.

"Unaona?" alimwambia Hashimu kwa hasira. "Stika ileile. Hii haina ugonjwa. Kuna mkubwa mahali fulani kaifunga kwa ufunguo!"

"Si lazima tumsubiri huyo mkubwa," ilisema sauti nyuma yake.

Ndivyo alivyomwona Shadya mara ya kwanza. Mtandio wa kijani, miwani iliyoteremka puani, flashi ndogo mkononi. Dada yake Hashimu, mwalimu wa kompyuta kwenye sekondari moja huko Magomeni, mtalaka wa mwaka wa sita. Aliketi kwenye ile kompyuta kama mtu anayeketi kwake, akaweka mfumo mwingine, Linux, mfumo huria usiouzwa, na juu yake programu ndogo iitwayo Mkasi, ya kuchora ramani za nguo na nakshi. Baada ya saa moja sindano ikaanza kutembea.

"Tumemlipa nani?" aliuliza Ansbert.

"Hakuna."

"Aliyeitengeneza anakula nini?"

"Kila mtu na kazi yake. Hii wanaifanya kwa kujitolea, mmoja kipande hiki, mwingine kile. Na ukitaka kuifungua uone ndani ilivyo, fungua. Imeruhusiwa."

Imeruhusiwa. Ansbert aligeukia ukuta kidogo, akajifanya anatafuta bisibisi, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa. Alipogeuka, Shadya alikuwa anamtazama. Hakumcheka wala hakumuuliza kitu. Aliisogeza ile bisibisi iliyokuwa mezani muda wote, akamwekea karibu na mkono.

Mwezi uliofuata Shadya akamwambia Mkasi ni yatima. Ndivyo wanavyokiita kifurushi ambacho mtunzaji wake ameondoka, na kisipopata mlezi mpya kinatolewa kwenye mfumo. "Utakichukua, kaka Ansbert?"

"Mimi? Darasa la saba?"

"Unajua robota la vitenge linavyofungwa?"

"Najua."

"Nje limeandikwa ndani mna nini, limetoka wapi, linahitaji nini, nani wa kumuuliza likiwa na kasoro. Basi kifurushi ndicho hicho. Programu ikitoka kwa aliyeiandika ni nguo zimemwagwa sakafuni. Sisi tunazifunga ili mtu wa Tandahimba au wa nchi tusiyoijua azipokee zikiwa salama."

Jumamosi thelathini na tatu alikuja. Makosa yake hayakuwa na idadi, na hakuna hata moja ambalo Shadya alilipandishia sauti. Nyumbani akaanza kula ameketi. Akanunua sahani mpya. Usiku alipopiga ishara ya msalaba, dua zake siku hizi zilikuwa na neno moja tu, asante, asante, mpaka usingizi unamchukua.

Kwa hiyo aliyesimama pale Jumamosi ile akisikiliza ngazi zikilia alikuwa mtu mwenye deni la shukrani. Na kitu kimoja kilikuwa kinamtisha kuliko aibu: kwamba Hashimu akifunga mlango huu, hatamwona Shadya tena.

Aliyeingia kwanza alikuwa Shadya mwenyewe, na chupa ya chai.

"Mbona kama mpo msibani?" Aliiweka chupa mezani. "Kaka Ansbert, hongera. Umeona kimetoka?"

Angelina akamsogezea simu ya Hillary. Shadya alisoma, miwani puani. Alipofika mwisho aliirudisha simu taratibu na kuanza kupanga vikombe. Kimoja, viwili, vitatu, vinne. Cha nne, ambacho siku zote kilikuwa cha Ansbert, alikipanga mara mbili.

"Mwalimu," Ansbert alianza, "mimi sikujua kwamba..."

"Assalaam alaykum."

Hashimu alikuwa mlangoni. Hata kwa hasira ile hakuacha salamu, na wao, hata kwa woga ule, waliitikia. Mtu mnene, kanzu ya kazi, tepu ya kupimia imening'inia shingoni. Alimpita dada yake, akamsimamia Ansbert.

"Fundi."

"Naam, bosi."

"Mimi nilikuita utengeneze cherehani."

"Ndiyo, bosi."

"Imepona?"

"Imepona."

"Sasa dada yangu alikuwa anaumwa nini hata ukaona umtengeneze na yeye?"

Hillary alikohoa. Angelina akamkanyaga.

"Nisamehe, bosi."

"Ngoja, sijafika huko. Nijibu kwanza hili. Kwenu Rombo, mtu akimtaka mwanamke anafanyaje? Si anatuma wazee? Kwetu kuna mshenga. Kuna barua ya posa, ina bahasha, inaletwa na watu wenye haya, inasomwa ndani, mlango umefungwa. Yako umeibandika dunia nzima! Mchina anaisoma, Mzungu anaisoma! Mteja wangu wa Lubumbashi akinipigia atauliza vitenge au atauliza harusi lini?"

"Kaka, punguza sauti," alisema Shadya.

"Nipunguze sauti! Mama yupo Magomeni na presha yake, majirani wote wana simu, wewe unaniambia sauti! Huyu ni Mkristo, Shadya. Kila Jumapili yuko Msimbazi anapiga magoti. Ni mjane wa kiume, umri umekwenda, darasa la saba. Hivi ndoa ya kwanza haikukutosha?"

"Ndoa ya kwanza mlichagua ninyi, kaka."

Alilisema taratibu, akiwa bado ameshika chupa. Waliangaliana, ndugu wawili waliokulia chumba kimoja, na jambo wasilopenda kuliongea likapita katikati yao likarudi.

"Hilo... hilo tuliliombea radhi," alisema hatimaye, chini zaidi.

"Na mimi nilisamehe."

"Basi usinirudishe pale." Akamgeukia Ansbert, na sasa hasira ilikuwa imechanganyika na kitu kingine, kama uchovu. "Fundi, mimi sina ubaya na wewe. Kazi yako nzuri. Lakini Jumamosi ijayo chumba hiki nakijaza mzigo. Mtafute pengine pa kufungia hivyo vifurushi vyenu. Na dada yangu haji huko mtakakokwenda. Nimemaliza. Kama una neno, sema sasa."

Zamani Ansbert angekuwa nalo. Angemwaga yote: ninyi wenye majengo, ninyi wenye funguo, siku zote mnamfungia mtu asiye na chake. Maneno hayo yalikuwa mdomoni mwake miaka minne, yamechongoka. Aliyatafuta. Hayakuwepo.

"Ninalo," alisema. "Asante."

Hashimu alikunja uso. "Asante ya nini?"

"Ya chumba. Miezi kumi umetupa chumba na umeme na feni, Kariakoo hii ambapo watu wanakodisha mpaka ngazi. Hukutuuliza hata siku moja tunalipa nini. Sijawahi kukushukuru, bosi, kwa sababu mimi wenye nyumba nilikuwa siwashukuru. Niliwaweka wote kapu moja." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Nilipoingia humu kutengeneza ile cherehani nilikuwa mtu aliyekufa. Mke wangu alifia nyuma ya mlango ambao walinikataza kuufungua. Dada yako akanipa kitu, akaniambia fungua. Hivi unajua mtu aliyefungiwa kila mahali akiambiwa fungua anajisikiaje? Yale niliyoyaandika yamekosa adabu kwa mahali yalipotokea. Mshenga sikutuma, hilo kosa ni langu, na hata ukinichapa vibao nitasimama. Ila siwezi kukwambia ni uongo. Tuliambiwa tuandike ukweli."

Hakuthubutu kumtazama Shadya. Alitazama kikombe chake, kile cha nne. Kilikuwa kimejaa, na hakukumbuka kilijazwa saa ngapi.

Hashimu aliivuta tepu shingoni, akaizungusha kidoleni, akaizungusha tena. Alikuwa amekuja amejiandaa kwa ugomvi, na mtu akija hivyo halafu asipate wa kugombana naye, hajui mikono aiweke wapi.

"Kuongea unajua," alisema. "Lakini kosa la mtu mmoja limewamwagia kinyesi watu wote. Jina la dada yangu lipo pale!"

"Kaka Hashimu, samahani." Ilikuwa Angelina. Alikuwa amesimama, ameuvaa ule uso wake wa dirishani. "Hilo la mtu mmoja silikubali. Mnamwonea fundi. Huku hakuna anayetoa mzigo peke yake. Sisi ni wanafunzi, hatuna ruhusa ya kupandisha kitu. Kifurushi lazima kipitie kwa mwenye ufunguo, akikague mstari kwa mstari, ndipo aweke saini yake. Bila saini hakitoki. Na dada Shadya anavyokagua, mimi alinirudishia changu mara sita! Mara ya sita ilikuwa nafasi moja tu imezidi, nafasi, hata herufi siyo! Kwa hiyo haiwezekani mtu akasema fundi pekee ndiye..."

Akaishia katikati ya sentensi. Mdomo ulibaki wazi. Ilionekana kabisa maneno yake mwenyewe yakimfikia masikioni.

Hillary alikuwa ameshafungua ukurasa. Aliongea bila kufikiri, kama kawaida yake. "Kilipokelewa Jumanne asubuhi. Saini imewekwa... jana Ijumaa, saa sita na nusu mchana." Akahesabu kwa vidole. "Kimekaa kwa Mwalimu siku tatu. Changu hukaa dakika kumi."

Ansbert aliinua uso.

Hashimu hakuwa mtu wa kompyuta. Lakini alikuwa ametoa mzigo bandarini miaka ishirini na tano, na mambo ya saini hakuhitaji kufafanuliwa na mtu. Tepu iliacha kuzunguka.

"Shadya," alisema. "Nani alikufundisha kupokea mzigo?"

"Wewe, kaka."

"Ulikuwa darasa la ngapi?"

"La sita. Likizo ya mwezi wa sita."

"Nilikwambia nini?"

Shadya alivua miwani. Bila miwani uso wake ulikuwa mdogo, wa yule mtoto wa darasa la sita. "Ulisema, usitie saini robota ambalo hujalifungua ukaona ndani."

"Umewahi kutia saini robota hujalifungua?"

"Sijawahi."

"Hata moja?"

"Hata moja, kaka."

"Hili je? Ulilifungua? Uliyaona yaliyomo ndani, ukaweka saini?"

Adhana ya alasiri ikaanza. Ilitoka kwanza msikiti wa mbali, kisha wa karibu, kisha zikapishana juu ya mabati na kelele za mikokoteni. Hashimu alisubiri. Shadya alikuwa anaifuta miwani kwa ncha ya mtandio, kioo cha kulia, kioo cha kushoto, tena cha kulia, na mashavu yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Haya," alisema Hashimu. Sauti yake haikuwa ya hasira tena. Ilikuwa ya mtu aliyeshika kitu asichokijua uzito wake. "Naenda kuswali. Sitaki unijibu nikiwa hivi, na wewe usinijibu ukiwa hivyo. Nikirudi utanijibu. Mzigo wangu nao... tutaona Jumamosi." Mlangoni aligeuka. "Na wewe fundi, kunywa chai. Inapoa."

Ngazi zililia hadi chini.

"Hillary," alisema Angelina, "twende tukanunue kashata."

"Mimi sili kashata."

"Leo unakula."

Akamshika mkono wa shati, akamvuta, na mlango akauacha wazi kabisa, umeegemezwa na robota, ili mpita njia yeyote aone kwamba ndani mna watu wawili, meza, na heshima zao.

Ansbert alikunywa chai. Tangawizi ilimwingia hadi tumboni. Kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama Shadya usoni, na Shadya hakuondoa macho.

"Mwalimu, nifanye nini na yale maneno?"

"Kilichotoka hakifutwi, kaka Ansbert. Nilishawafundisha. Unaandika toleo jipya, unaliweka juu yake. Toleo la tano."

"Niandike nini humo?"

"Ulichobadilisha." Alirudisha miwani puani, lakini tabasamu lilikuwa limeshamponyoka pembeni ya mdomo. "Kwa ukweli."

Ansbert alifungua faili. Juu kabisa aliandika namba: tano. Kiashiria kikabaki kinapepesa kwenye mstari mtupu. Vidole vyake vinene vya fundi, vyenye grisi ambayo sabuni imeshindwa, vilikaa juu ya herufi bila kubonyeza. Alimkumbuka Severa, na kumbukumbu haikumchoma. Ilikuja kama mtu anayechungulia chumbani, anaona watu wako salama, anarudishia mlango. Asante, alisema moyoni, na hakujua alikuwa anamshukuru yupi.

"Sijabadilisha kitu, Mwalimu," alisema.

Shadya aliinama akapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangika.

Nje, watu walikuwa wanatoka msikitini. Zilisikika kandambili, salamu, muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake. Kisha, katika zile sauti zote, hatua nzito walizozijua zikakanyaga ngazi ya kwanza. Ya pili. Hazikuwa na haraka.

"Shadya," alisema Ansbert. Hakuwahi kulitaja jina lake bila Mwalimu mbele yake, na lilivyotoka peke yake lilimshtua yeye kuliko mwenye jina. "Kabla hajafika. Zile siku tatu. Uliyasoma, ukayaacha yaende?"